Hawatoweki: Jeni, Jua na Saratani Tuliyoificha kwa Hekaya

Sisi tuliokulia vijijini tulisimuliwa mapema kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Hakuna aliyewahi kuona kaburi lake, walisema wakubwa, na sisi watoto hatukuuliza zaidi. Kijijini kwetu alikuwapo kijana mmoja mwenye ualbino aliyechunga mbuzi wa babu yake juani kutwa nzima. Nakumbuka kitambaa alichojifunga shavuni, na nakumbuka inzi waliokuwa wakikifuata kitambaa hicho. Kisha msimu mmoja wa mavuno hakuonekana tena, tukaambiwa ametoweka. Ilinichukua miaka mingi, na masomo mengi, kuelewa kwamba chini ya kile kitambaa palikuwa na saratani.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu historia ya namna sayansi ilivyokuja kuijua saratani hiyo na jeni iliyo nyuma yake. Ni historia ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa Johannesburg na Dar es Salaam. Naisimulia kwa sababu inatuwekea swali ambalo wanafunzi wangu wa siasa na utawala hawana budi kulikabili: jamii inawajibika vipi pale ambapo chanzo cha vifo kinajulikana, kinga inajulikana, na bado watu wanaendelea kufa?

Tuanzie Afrika Kusini. Sheria ya uandikishaji wa watu ya mwaka 1950 ilimpa kila raia wa nchi ile daraja la rangi, na kwa daraja hilo ikaamuliwa ataishi wapi, atasoma shule gani na atatibiwa hospitali ipi. Ni katika nchi hiyo ambapo daktari mzaliwa wa Wales, Trefor Jenkins, aliongoza idara ya jenetiki ya binadamu katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Pamoja naye alifanya kazi Jennifer Kromberg, mtaalamu wa ushauri nasaha wa kijenetiki, ambaye utafiti wake mkuu ulikuwa juu ya ualbino miongoni mwa Waafrika weusi. Serikali ilihesabu rangi ili iwagawe watu. Watafiti hawa waliwatafuta watu waliozaliwa bila rangi ya ngozi ili wajue wako wangapi na wanaishije.

Mwaka 1982 Kromberg na Jenkins walichapisha hesabu yao. Katika Soweto walikuta takriban mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 3,900. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni tarakimu tu, lakini kwa mtaalamu wa urithi ina habari nyingi ndani yake. Ualbino hujitokeza pale mtoto anapopokea nakala mbili za jeni yenye hitilafu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja tu ana rangi ya kawaida na hajui lolote. Ukipiga hesabu kutoka kwenye ile 3,900, unapata kwamba karibu mtu mmoja katika kila 32 anabeba nakala moja bila kujijua. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400. Kwa makadirio hayo, mtu mmoja katika kila 19 ni mbebaji. Darasa la wanafunzi 57 lingekuwa na wabebaji watatu hivi.

Naomba tusiipite hesabu hiyo haraka, kwa sababu ndani yake kuna hukumu dhidi ya dhuluma ya kale. Katika nyumba nyingi mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino amefukuzwa, ameitwa mzinzi, ameambiwa amelala na Mzungu au na jini. Jenetiki inasema kinyume chake. Mtoto huyo hazaliwi bila mchango wa baba, na baba anayemfukuza mkewe anafukuza ushahidi wa damu yake mwenyewe. Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa moja kwa nne, katika kila ujauzito, wa kupata mtoto mwenye ualbino. Hakuna laana katika hesabu hiyo, wala uzinzi.

Kromberg hakuishia kwenye hesabu. Akishirikiana na Esther Zwane na Jenkins, aliwafuata akina mama weusi waliojifungua watoto wenye ualbino, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Akina mama wale walisitasita kuwashika na kuwakumbatia watoto wao siku za mwanzo, lakini kadiri miezi ilivyopita uhusiano ulijengeka. Alichunguza pia imani za jamii, na humo akakutana na hekaya ileile niliyoisikia mimi maelfu ya kilomita kaskazini: kwamba watu hawa hawafi, hutoweka. Uchambuzi wa hekaya hiyo aliuchapisha mwaka 1992.

Kwa nini hekaya moja imeenea katika jamii zilizo mbali namna hiyo? Jibu langu, kama mwanafunzi wa historia, ni kwamba imani ya namna hii hukua pale penye jambo la kweli ambalo watu hawataki kulitazama. Watu wenye ualbino hawakuzeeka vijijini. Walionekana wakiwa watoto na wakiwa vijana, kisha hawakuonekana. Jamii iliuona ukweli huo vizuri, ila ikaupa maelezo yasiyodai chochote kutoka kwake. Mtu akitoweka, hakuna wa kuulizwa. Akifa, lazima tuulize amekufa kwa nini.

Madaktari walikwisha kuanza kuuliza. Nchini Nigeria, mwaka 1975, A. N. Okoro alichapisha uchunguzi wa watu 1,000 wenye ualbino. Miongoni mwa waliovuka umri wa miaka 20 hakumkuta hata mmoja ambaye ngozi yake haikuwa na saratani au dalili zinazotangulia saratani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1985, ikaja sauti kutoka Dar es Salaam. Daktari Jeff Luande, pamoja na Claudia Henschke na Nuha Mohammed, walichapisha katika jarida la kimataifa la saratani uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino katika jiji hilo. Walionyesha kuwa madhara ya jua huanza utotoni kabisa, kwamba saratani zilizokomaa huwapata watu wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi na kulea, na kwamba elimu, ugunduzi wa mapema na matibabu ya mapema ndiyo njia ya kuokoa maisha.

Mwaka 1989 Kromberg na wenzake wakatoa matokeo ya Johannesburg. Katika watu weusi 111 wenye ualbino waliowachunguza, asilimia 23.4 walikuwa wamepata saratani ya ngozi, na hatari iliongezeka kadiri umri ulivyosonga. Kichwa, sehemu ambayo jua hukifikia kila siku, ndicho kilichoathirika zaidi. Walibaini pia kwamba wale ambao ngozi yao iliweza kutengeneza madoadoa ya kahawia juani walipata saratani kwa uchache kuliko wale ambao ngozi yao haikuweza. Hata rangi kidogo, basi, iliambatana na tofauti ya hatari.

Sababu yake inaeleweka. Melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho, ni mwavuli. Mionzi ya urujuanimno inapoipiga ngozi, melanini hunyonya sehemu kubwa kabla haijafika kwenye DNA iliyo ndani ya seli. Pasipo mwavuli huo, DNA huvunjwavunjwa siku baada ya siku. Seli hujitahidi kurekebisha, lakini makosa machache hubaki kila mara, nayo hulimbikizana. Baada ya miaka 15 au 20 ya jua la tropiki, seli ya tabaka la juu la ngozi inaweza kupoteza breki zake na kuanza kugawanyika ovyo. Saratani ya namna hii hukua polepole. Mwanzoni huonekana kama gamba dogo, kisha kidonda kisichopona. Katika hatua za mwanzo daktari anaweza kuikata na mgonjwa akarudi nyumbani. Ni ucheleweshaji unaoifanya iwe hukumu ya kifo.

Jeni yenyewe ilipatikana katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 Michèle Ramsay, Jenkins na wenzao walionyesha kwamba chanzo cha aina ya ualbino iliyoenea zaidi kwa Waafrika kiko kwenye kromosomu ya 15. Ilibainika kuwa jeni hiyo inafanana na jeni ya panya wa maabara wenye macho ya waridi, na leo inaitwa OCA2. Kisha yakaja majibu mawili katika mwaka mmoja, 1995. Kundi la Johannesburg lilionyesha kuwa wagonjwa wengi wa kusini mwa Afrika wana hitilafu moja ileile: kipande cha herufi zipatazo 2,700 za DNA kimenyofoka kutoka ndani ya jeni hiyo. Na Richard Spritz wa Marekani, akishirikiana na Luande yuleyule wa Dar es Salaam, akaonyesha kuwa kipande hichohicho kimenyofoka kwa wagonjwa wa Tanzania, katika asilimia 77 ya nakala za jeni zenye hitilafu walizozichunguza.

Hebu tulitafakari hilo. Mtoto wa Soweto na mtoto wa Tanzania, ambao lugha zao hazielewani, wanabeba alama moja kutoka kwa babu au bibi mmoja. Watafiti walihitimisha kwamba hitilafu hiyo ni ya kale sana, kabla jamii za Kibantu hazijatawanyika kusini na mashariki mwa bara. Imekutwa pia kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, maana yake ilivuka Atlantiki ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani. Anayemwita mtu mwenye ualbino mzungu au mgeni anakosea kwa kiwango cha kustaajabisha. Anao mwilini mwake mmoja wa ushahidi ulio wazi kabisa kwamba sisi ni ndugu.

Sasa nirudi kwa Trefor Jenkins, kwa sababu kuna tukio jingine katika maisha yake ambalo haliwezi kutenganishwa na kazi hii. Tarehe 12 Septemba 1977 Steve Biko alikufa Pretoria akiwa mikononi mwa polisi. Alikuwa amejeruhiwa kichwani, akasafirishwa akiwa uchi nyuma ya gari la polisi kutoka Port Elizabeth, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Madaktari wa serikali waliomwona kabla ya safari hiyo hawakumlinda. Baraza la madaktari la nchi hiyo lilikataa, mwaka 1980, kuwachukulia hatua. Jenkins, pamoja na Frances Ames, Phillip Tobias na madaktari wengine wachache, walilipeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 1985 mahakama ikaamuru baraza lifungue upya shauri. Madaktari wawili hatimaye walipatikana na hatia ya kukiuka maadili ya taaluma yao.

Wapo watakaosema kwamba kesi ya Biko na utafiti wa jeni ni mambo mawili mbalimbali. Mimi naona swali moja ndani yake. Daktari aliyemwona Biko alijua, au alipaswa kujua, kwamba mtu aliye mbele yake ana jeraha la ubongo. Kosa lake halikuwa ujinga, bali kujua na kunyamaza. Je, taasisi inayojua kwamba mtoto mwenye ualbino akiachwa juani atapata saratani, na ikamwacha juani, ina utetezi gani bora zaidi?

Tusiwapambe watafiti kupita kiasi pia. Makala yao yalichapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo wale waliochunguzwa wasingeweza kuyasoma, na baadhi ya vichwa vya makala hayo viliwaita watu weusi kwa jina ambalo leo tunalikataa. Hata hapa kwetu, neno zeruzeru liliendelea kutumika ofisini na magazetini hadi wenyewe waliposimama wakataka waitwe watu wenye ualbino. Maarifa yaliyokusanywa kutoka kwenye ngozi za watu yanapaswa kurudi kwao, kwa lugha yao, yakiwa na kofia na dawa. Hilo halikuwa jukumu la watafiti peke yao, bali la dola.

Dola za Afrika Mashariki zilifanya nini? Kwa muda mrefu, kidogo. Nchini Tanzania watu wenye ualbino walianzisha chama chao mwaka 1978, kwa juhudi zao wenyewe. Taifa lilishtuka kweli kuanzia miaka ya 2006 na 2007, yalipoenea mauaji, hasa Kanda ya Ziwa, ya kutafuta viungo kwa ajili ya ushirikina. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfani Bar'wan. Watoto walikusanywa katika vituo vyenye ulinzi, kama vile Buhangija mkoani Shinyanga na Kabanga mkoani Kigoma. Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino.

Hatua hizo zilistahili, na kila aliyeokolewa na panga ni ushindi. Lakini naomba tuone jambo lililojificha nyuma yake. Mauaji yalikuwa na wauaji, kwa hiyo yaliingia kwenye magazeti na kwenye hotuba. Saratani ya ngozi, ambayo imewaua watu wengi zaidi kwa miaka mingi zaidi, haina mtuhumiwa wa kupelekwa mahakamani, na kwa hiyo haikuleta aibu. Ukuta wa kituo ulimzuia mwenye panga, lakini jua la saa sita linaingia uani bila kuomba ruhusa.

Na hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu kinga yenyewe ni rahisi. Ni kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, kivuli, mafuta ya kuzuia mionzi, na daktari wa ngozi anayemwona mtu mara kwa mara. Mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kimethibitisha kwamba jambo hili linawezekana hapahapa: mafuta yanayoitwa Kilisun hutengenezwa Kilimanjaro, mahususi kwa ngozi yenye ualbino na kwa hali ya hewa yetu, na hugawiwa bure pamoja na elimu na uchunguzi wa ngozi. Mafuta yanayouzwa katika maduka ya dawa, yakilengwa watalii, yana bei ambayo mkulima wa Sengerema au Kasulu hawezi kuilipa kila mwezi. Anayeyahitaji kama chakula anauziwa kama anasa.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, nina maswali ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Je, mwalimu mkuu wa shule yako anajua kwamba gwaride la asubuhi na somo la bustani vinaweza kumpa mtoto huyu kidonda cha kesho? Je, kanuni ya sare ya shule inaruhusu kofia darasani na mikono mirefu? Je, mafuta ya kinga yanahesabiwa katika maombi ya dawa ya halmashauri yako kama dawa, au yanasubiri mfadhili? Je, muuguzi wa zahanati anaweza kulitambua gamba la kwanza na kutoa rufaa, au atampa mgonjwa mafuta ya mgando na kumwambia arudi baada ya mwezi? Na je, wakunga wanamweleza mama, siku ileile ya kujifungua, na baba akiwapo, kwamba mtoto huyu ni wao wote wawili?

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini Tanzania, katika taifa la watu karibu milioni 45. Hiyo ni kama mtu mmoja kwa kila watu 2,700, takriban nusu ya yale makadirio ya mmoja kwa 1,400. Watakwimu watajadili mbinu za kuhesabu, na ni haki yao: makadirio yanayotokana na jiji lenye hospitali hukusanya wagonjwa kutoka mbali, na katika kaya nyingine mtoto hufichwa karani anapobisha hodi. Mimi, kila niitazamapo tofauti hiyo, namkumbuka mchunga mbuzi.

Kwenu wanafunzi na wanaharakati, somo la historia hii ni kwamba maarifa hayajipeleki yenyewe kwa wanaoyahitaji. Kati ya makala ya Dar es Salaam ya mwaka 1985 na leo imepita miaka inayozidi umri ambao wengi wa wale 350 wangeweza kutarajia kuishi. Katika muda huo tumejua jeni ni ipi, iko kwenye kromosomu gani, kipande gani kimenyofoka, na tangu enzi gani. Kilichobaki si fumbo la kisayansi tena. Ni kazi ya uongozi, na uongozi tunaweza kuudai.

Yule kijana wa kijijini kwetu hakutoweka. Nilipokuwa mtu mzima nilirudi nikamuuliza mama yangu, naye akanyamaza kwanza, kisha akanionyesha kwa kidole mgomba mmoja nyuma ya boma la babu yake. Walimzika usiku, akasema, kwa sababu waliogopa wezi wa makaburi, na kwa sababu waliona aibu. Kaburi lipo. Tuache kuwafundisha watoto wetu kwamba halipo.